Namba zilizo kwenye boksi la dawa: ipi inasema nini, na ipi haisemi

Chukua boksi moja la dawa uligeuze pande zote sita. Utakuta mistari myeusi yenye tarakimu chini yake, mraba mdogo wa madoa, namba ya usajili, namba ya bechi, tarehe moja au mbili, na pengine herufi ndogondogo zilizojificha kwenye ulimi wa boksi. Kila moja imewekwa na mtu wake kwa kazi yake. Shida huanza pale namba moja inapoulizwa swali la nyingine: mtu anasoma mistari ili ajue dawa imetengenezwa nchi gani, au anaona namba ya bechi imepigwa vizuri, basi anaamini dawa ni halali.

Namba ya bidhaa

Tarakimu zilizo chini ya mistari ni namba ya bidhaa, inayojulikana kwa kifupi kama GTIN. Hutolewa kwa utaratibu wa GS1, shirika la viwango ambalo misimbopau yake imo kwenye karibu kila kitu kinachouzwa dukani. Kwenye mistari ya kawaida utakuta tarakimu 13. Marekani huwa 12. Zikiingizwa ndani ya mraba wa madoa hufanywa 14 kwa kutanguliziwa sifuri.

GTIN inataja bidhaa pamoja na ufungashaji wake. Kapsuli za miligramu 250 zina namba yao, za 500 zina nyingine, na boksi la kapsuli 30 halitumii namba ya boksi la 100 hata kama kapsuli zenyewe ni zilezile. Lakini maboksi yote yanayofanana hubeba namba moja, ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Ukitaka kujua boksi hili ulilolishika ni lipi kati ya maelfu ya wenzake, GTIN haina jibu.

Na ya nchi haina vilevile. Ni kweli kwamba 616 ni ya Kenya, 620 ya Tanzania na 890 ya India, ila tarakimu hizo zinaonyesha ofisi ya GS1 iliyoipa kampuni namba. Kampuni iliyojisajili India ikipeleka kazi kwenye kiwanda cha nchi nyingine, boksi litaendelea kuanza na 890. Zile orodha za nchi zinazosambazwa kwenye simu, eti "ukiona namba hii usinunue", zifute tu. Mahali pa kutengenezwa pameandikwa kwa maneno ubavuni mwa boksi.

Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, na inafaa ujue kuikokotoa kwa mkono, maana ndiyo itakayokuambia kama umekosea kuchapa. Tuchukue mfano unaoanza na 952, kianzio ambacho GS1 wamekitenga kwa mifano tu:

9521000273641

Tarakimu 12 za kwanza, kuanzia kushoto, zizidishe kwa 1, 3, 1, 3 kwa zamu hadi mwisho. Utapata 9, 15, 2, 3, 0, 0, 0, 6, 7, 9, 6, 12. Jumla yake 69. Ili kufika 70 inapungua 1, basi tarakimu ya uhakiki ni 1.

Ukikosea tarakimu moja tu, hesabu itakataa siku zote. Ukibadilishana nafasi tarakimu mbili zilizo jirani, mara nyingi itakataa pia, isipokuwa pale ambapo tofauti yao ni 5. Tazama 2 na 7 katikati ya mfano wetu. Andika 72 badala ya 27: kwanza zilikuwa zinatoa 6 na 7, sasa zinatoa 21 na 2. Jumla inapanda kutoka 69 hadi 79, na kufika 80 bado inapungua 1. Namba 9521000723641 inapita kama halali kabisa, na huenda ni ya dawa nyingine. Kwa hiyo unapolazimika kuchapa kwa mkono, soma jina na nguvu ya dawa iliyotokea kwenye skrini kabla ya kubonyeza Enter. Mlio wa kukubali si uthibitisho.

Katoni iliyobeba maboksi mengi ina GTIN yake. Sifuri ya mwanzo hubadilishwa kuwa tarakimu kati ya 1 na 8, na tarakimu ya uhakiki hukokotolewa upya, kwa sababu kwenye tarakimu 14 ile ya kwanza huzidishwa kwa 3. Boksi letu likiwa 09521000273641, katoni yake inaweza kuwa 19521000273648. Anayebadilisha ya mwanzo akaiacha ile 1 ya mwisho ametengeneza namba mfu. Na stoo isiyotofautisha namba hizi mbili hupotea kwenye hesabu: zinapokelewa katoni 10 zenye maboksi 48 kila moja, mfumo unaandika 10, na mwisho wa mwezi watu wanatafuta maboksi 470 ambayo muda wote yalikuwa rafuni.

Ndani ya mraba wa madoa

Mraba huo unaitwa Data Matrix. Hufanana na QR lakini hauna zile pembe tatu za visanduku. Una pande mbili nyeusi mfululizo zinazokutana kama herufi L, na pande mbili nyingine zenye madoa meusi na meupe yanayopishana. Ile L humwonyesha skana mraba umelala vipi, na upande wa madoa humpa hesabu ya safu. Unabeba data za ziada za kujirekebisha, ndiyo maana mkwaruzo mdogo katikati hauuzuii kusomeka. Kinachouua haraka ni L iliyokatika, au maandishi na ukingo wa rangi yaliyosogezwa hadi yakaugusa. Pande zote nne lazima ubaki ukanda mtupu, walau upana wa doa moja. Mimi ningeacha zaidi.

Skana ya zamani ya leza, ile inayotupa mstari mwekundu mmoja, haiwezi kuusoma hata ukiishika namna gani. Inatakiwa skana ya kamera.

Kwa dawa, mraba hubeba vitu vinne, kila kimoja kikitanguliwa na tarakimu mbili za kukitambulisha: 01 ni GTIN, 17 ni tarehe ya mwisho wa matumizi, 10 ni namba ya bechi, 21 ni namba ya mfululizo, yaani namba ya boksi hilo peke yake. Skana ikisoma, inatoa mkufu kama huu (kile kisanduku ▯ nimekiweka mimi mahali penye herufi isiyoonekana):

01095210002736411728110010K7042▯2193XW4TQ8

Uukate hivi. Baada ya 01 huja tarakimu 14 kamili, hazipungui wala hazizidi. Baada ya 17 huja 6. Kwa kuwa urefu wake unajulikana, hapahitaji kitenganishi. Bechi na namba ya mfululizo ni hadithi nyingine: kila moja inaweza kuwa na herufi na tarakimu 1 hadi 20, kwa hiyo isiyo ya mwisho lazima ifungwe na kitenganishi, ambacho kwenye ASCII, orodha ya namba ambazo kompyuta huzipa herufi, ni herufi namba 29. Haichapwi, haionekani, na ndiyo chanzo cha taabu nyingi.

Mabano ya (01) na (17) unayoyaona yameandikwa kando ya mraba ni ya macho ya binadamu tu. Hayaingii kwenye data. Watengenezaji wa lebo wanaoanza kazi huyaingiza, na mraba unasomeka vizuri kabisa, ila hakuna programu ya dawa inayouelewa. Kosa jingine la namna hiyo ni kusahau alama ya FNC1 mwanzoni, ambayo ndiyo inayoutangaza mraba kuwa wa GS1. Njia rahisi ya kukagua: iweke skana itoe kitambulisho cha aina ya msimbo. Ikitanguliza ]d2, ni Data Matrix ya GS1. Ikitanguliza ]d1, ni Data Matrix ya kawaida, na aliyechapisha ana kazi ya kurudia.

Kinachoharibika kati ya skana na kompyuta

Skana nyingi hujifanya kibodi: zinasoma, kisha "zinachapa" herufi mojamoja. Kibodi haina kitufe cha herufi namba 29, kwa hiyo skana isiyopangwa vizuri huiruka tu. Mkufu wetu unabaki hivi:

01095210002736411728110010K70422193XW4TQ8

Sasa programu inakutana na 10 na kuchukua kila kilichobaki. Bechi inakuwa K70422193XW4TQ8, herufi 15, chini ya kikomo cha 20, na hakuna anayelalamika. Namba ya mfululizo imetoweka. Bechi K7042 ikiitwa irudishwe, ukitafuta stoo unaambiwa hamna. Ingekuwa imezidi 20 programu ingekataa na mtu angeshtuka. Hii inayopita kimyakimya ndiyo mbaya zaidi. Dawa yake ni kuipanga skana itume herufi 29 kama alama inayoonekana ambayo programu imefundishwa kuitambua, au kuiondoa kwenye hali ya kibodi na kuitumia kama kifaa cha bandari ya serial.

Lugha ya kibodi nayo ina vituko vyake. Skana ikidhani kompyuta ina mpangilio wa Kimarekani, na kompyuta imewekwa wa Kijerumani, Y na Z hubadilishana. Kwa mpangilio wa Kifaransa, A inakuwa Q na tarakimu zinageuka alama za uandishi. Caps Lock ikiwa imewashwa, herufi kubwa zinatoka ndogo na ndogo kubwa, na mfumo wa uhakiki unaotofautisha herufi hizo utasema namba haijulikani. Kabla ya kumpigia msambazaji simu kwamba kaleta dawa ya kutiliwa shaka, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, skani boksi, kisha linganisha na maandishi yaliyochapwa kando ya mraba herufi kwa herufi. Dakika mbili tu hizo.

Tarehe nayo ina mtego. Huandikwa mwaka, mwezi, siku, tarakimu mbili mbili. 281100 ni Novemba 2028, na zile sifuri mbili za siku si kosa la uchapaji: zina maana ya siku ya mwisho ya mwezi huo, yaani tarehe 30. Programu isiyojua hilo hufanya mojawapo ya mambo matatu. Inakataa. Au inasoma kinyumenyume na kupata tarehe 28 Novemba 2000, dawa ikahesabika imekwisha muda kabla hata ya kiwanda kujengwa. Au inaichukua siku ya 0 kama siku moja kabla ya tarehe mosi, ikaandika 31 Oktoba 2028. JavaScript, lugha moja ya kuandikia programu, hufanya hivyo bila kuuliza. Hili la tatu huishi miaka kwenye mfumo bila kugunduliwa, maana tarehe inaonekana ya kawaida.

Halafu kuna Excel. GTIN ikiingizwa kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea. Namba ya paleti, SSCC, ina tarakimu 18. Excel hutunza 15 tu zenye thamani, kwa hiyo tatu za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena hata ukibadilisha mpangilio wa seli baadaye. Bechi inayoitwa 12E5 inakuwa 1200000. Bechi ya 3-11 inakuwa tarehe. Kabla ya kubandika chochote, weka safu nzima kuwa ya maandishi. Ukipokea faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, usilifungue kwa kubofya mara mbili. Lipitishe kwenye njia ya kuingiza data na utaje aina ya kila safu. Ushauri huu unachosha kuurudia, lakini kila orodha iliyoharibika niliyowahi kuulizwa huishia hapa.

Namba ya Marekani

Dawa zinazotoka Marekani hubeba NDC, namba ya taifa ya dawa, yenye tarakimu 10 katika mafungu matatu: kampuni, bidhaa, ufungashaji. Mafungu yanaweza kuwa 4-4-2, 5-3-2 au 5-4-1. Kampuni za bima hutumia tarakimu 11, 5-4-2, na sifuri huongezwa kwenye fungu lililopungua. Hapo ndipo panapoteleza. 12345-678-90 inakuwa 12345-0678-90, na 12345-6789-0 inakuwa 12345-6789-00. Ukiondoa vistari kwanza, zote mbili ni 1234567890 na hujui tena sifuri iende wapi. Tunza vistari hadi umalize kubadilisha. Ndani ya GTIN huingia zile 10, zikitanguliwa na 003 na kufuatwa na tarakimu ya uhakiki. Ile ya 11 haitoshei humo.

Bechi

Namba ya bechi hutolewa na kiwanda kwa jinsi kinavyopenda, kwa hiyo usiifasiri. Watu husoma mwaka na mwezi ndani yake na mara nyingine wanapatia, ila kampuni ya pili ina mtindo mwingine.

Kazi yake kubwa ni kurudisha dawa. Tangazo la kurudisha hutaja jina, nguvu, bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi, na vyote vinapaswa kulingana. Bechi ile ile yenye tarehe tofauti na iliyotajwa na mtengenezaji ni jambo la kuripoti, maana bandia nyingi hujikwaa hapohapo: aliyenakili alichukua bechi ya kweli akaisogeza tarehe mbele.

Linganisha boksi na karatasi ya vidonge iliyo ndani. Kwa kawaida bechi na tarehe ni zilezile. Mara chache bechi ya boksi huwa na herufi au tarakimu ya ziada mwishoni, kwa kuwa vidonge vya mpiko mmoja vilifungashwa kwa awamu kadhaa. Mtengenezaji anaweza kulithibitisha hilo. Tarehe zinazopingana hazina maelezo mazuri kama hayo.

Kwenye karatasi ya vidonge, bechi na tarehe mara nyingi hugongwa kwenye ukingo mmoja tu. Anayeuza vidonge kwa kukata aanzie upande wa pili, ili kipande kinachobaki dukani kiwe na namba. Mteja aliyechukua kipande kisicho nayo aandikiwe bechi na tarehe kwenye bahasha. Na unapoinakili, hakiki O na 0, I na 1, B na 8, S na 5. Maandishi ya kugongwa bila wino husomeka vizuri zaidi ukiyainamisha kwenye mwanga wa pembeni kuliko ukiyamulika kwa juu.

Ipi inathibitisha dawa ni halisi?

Hakuna alama iliyochapwa inayothibitisha chochote peke yake. Kilichochapwa kinanakiliwa. Namba ya usajili inanakiliwa, mistari inanakiliwa, na mraba wa Data Matrix unanakiliwa pamoja na madoa yake yote.

Namba ya mfululizo hupata nguvu pale tu inapoulizwa kwenye kanzidata na kufungwa, yaani kuzuiwa isitumike tena, dawa inapotolewa. Umoja wa Ulaya umefanya hivyo tangu tarehe 9 Februari 2019 kwa sehemu kubwa ya dawa za kuandikiwa na daktari. Namba hutungwa kwa kubahatisha kiasi kwamba uwezekano wa kuikisia uwe chini ya 1 kati ya 10,000. Mfamasia anaskani, mfumo unaiangalia, kisha inafungwa. Akikosea anaweza kuifungua tena akiwa palepale ndani ya siku 10, baada ya hapo basi. Mtu akinakili namba moja kwenye maboksi mia, la kwanza kuskaniwa litapita na mengine yatakataliwa. Ona hapo: la kwanza huenda likawa ndilo bandia, na lile la kweli ndilo likakataliwa. Ndiyo maana jibu la kukataliwa linaamuru uchunguzi, halitoi hukumu.

India, tangu tarehe 1 Agosti 2023, inazidai chapa 300 zinazouzwa sana ziwe na msimbopau au QR yenye jina la dawa, mtengenezaji, bechi, tarehe na namba ya leseni. Ni msaada mzuri wa kulinganisha na maandishi ya boksi. Lakini bechi nzima ina data moja, kwa hiyo kuskani hakukuambii kama boksi lako ni nakala. QR nyingine kwenye maboksi hufungua karatasi ya maelezo ya dawa tu, na yeyote anaweza kuchapa QR inayofungua ukurasa mzuri. Soma anwani kabla ya kuuamini.

Zipo pia namba za kukwangua, zinazotumwa kwa ujumbe wa simu, kama Nigeria ilivyoanzisha mwaka 2010. Kagua kwanza kama utando haujaguswa. Namba iliyokwisha kuulizwa inaweza kurudi na jibu la kwamba imetumika, na aliyeiuliza pengine ni mwenzako wa zamu ya asubuhi.

Vimistari vinene visivyo na namba chini, vilivyo kwenye ulimi wa boksi au ukingo wa karatasi ya maelezo, ni Pharmacode. Ni vya mashine ya kufungashia, ili karatasi ya dawa moja isiingie kwenye boksi la nyingine. Hubeba namba moja tu kati ya 3 na 131070 na havikuhusu, wala duara za rangi zilizo karibu navyo, ambazo ni za mtambo wa kuchapia.

Mfumo ukikataa boksi baada ya kuskani mara ya pili na kulinganisha herufi, liweke kando likiwa zima. Usibandue lebo wala kutupa karatasi ya maelezo. Piga picha pande zote sita, karatasi ya vidonge mbele na nyuma, na muhuri wa kufungia. Andika kwa mkono GTIN, bechi, tarehe na namba ya mfululizo kama zilivyochapwa, kisha bandika mkufu mzima uliotolewa na skana chini yake. Mchunguzi akiviona vyote viwili pamoja ataelewa mara moja kama tatizo liko kwenye boksi au kwenye kibodi yako.